Stesheni ya Juu: Namna ya Kuandika Hadithi ya Lifti ya Angani Ukiwa Kigoma

Reli ya kati ikifika Kigoma imekwisha. Mbele ni ziwa, ng'ambo ya ziwa ni milima ya Kongo, na mwenye kutaka kuendelea atafute chombo. Aliyekulia mahali njia inapokwisha ana mtaji mkubwa wa kuandika hadithi ya lifti ya angani, maana lifti hiyo, ukiivua mapambo yote, ni reli iliyosimama wima. Ina stesheni, ina mizigo, ina wenye tiketi na wasio na tiketi, ina wauza karanga. Hadithi nyingi za aina hii nilizosoma zinasahau wauza karanga.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika hadithi hiyo kwa Kiswahili na kuiweka Kigoma. Mtu wa Tabora naye amo, tutamfikia. Tafuta daftari, ramani ya Afrika na kikokotoo cha simu. Fizikia ya sekondari inatosha.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini haianguki

Tazama dishi la televisheni juu ya bati la jirani yako. Fundi alilielekeza mahali fulani angani, akakaza nati, akapokea hela yake akaondoka. Miaka inapita, hakuna anayeligeuza, na picha inakuja. Ina maana setilaiti inayorusha matangazo iko palepale siku zote. Kumbe inakimbia: inaizunguka Dunia mara moja kwa saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao Dunia inajizungusha mara moja, basi sisi na yenyewe tunakwenda sambamba. Jambo hilo hutokea juu ya ikweta tu, kwenye kimo cha kilomita 35,786.

Sasa fikiria setilaiti hiyo inateremsha kamba, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Ili uzito wa kamba usiivute chini, inatoa kamba nyingine upande wa nje. Ya chini inavutwa na Dunia. Ya nje inavutwa na mzunguko, kama jiwe kwenye kombeo la mtoto anayefukuza ndege shambani. Mivuto miwili ikilingana, ncha ya chini inafika ardhini, unaifunga, umepata njia wima isiyo na nguzo hata moja. Inaning'inia kutoka juu. Ukiandika kwamba mafundi walipanga tofali juu ya tofali hadi mawinguni, umeandika mnara, na msomaji anayejua atafunga ukurasa.

Kosa hilo lina wazee wake wa heshima. Mwaka 1895 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, akiwa na mnara wa Eiffel wa Paris akilini, aliwaza mnara wa kufika kimo hichohicho. Aliyelipindua wazo, akasema tuanzie juu, ni mhandisi Yuri Artsutanov, katika makala ya gazeti iliyotoka Moscow Julai 1960. Mwezi huohuo Jane Goodall ndiyo kwanza alikuwa ameshuka pwani ya Gombe, kaskazini tu mwa hapa, kuwatazama sokwe. Sadfa tupu, lakini ningekuwa naandika riwaya ndefu nisingeiacha ipotee.

Mmarekani Jerome Pearson alipiga hesabu zake upya na kuzichapisha mwaka 1975. Na mwaka 2012 kampuni ya ujenzi ya Japani, Obayashi, ilitangaza mpango wa kamba ya kilomita 96,000. Kwa hiyo ukiandika leo huandiki uchawi. Unaandika kitu ambacho wahandisi wamekikalia vikao.

Hatua ya 2: Amua nanga inatua wapi

Hapa Kigoma ina tatizo, na tatizo hilo ni zuri. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mstari mmoja na Tabora. Kutoka hapa hadi ikweta ni kama kilomita 540, na kamba inataka ikweta. Una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuisogeza nchi. Usicheke: Arthur C. Clarke, katika riwaya yake ya mwaka 1979, alichukua kisiwa kinachofanana na Sri Lanka akakivuta kusini hadi kikakaa kwenye ikweta. Mwandishi ana ruhusa hiyo. Mimi siipendi, kwa sababu Kigoma ikihama haitakuwa Kigoma.

Njia ya pili ni kuifunga kamba ikiwa imeinama. Inawezekana: itaegemea kaskazini, kuelekea juu ya ikweta, na itahitaji uimara zaidi. Hadithi inapata picha ambayo haipo kwingine. Watoto wa Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma, wanaochora lifti shuleni wote wanaichora imelala kidogo upande wa kulia wa daftari, maana ukitazama ziwa kaskazini iko kulia, na mwalimu mgeni kutoka pwani anawasahihisha wote, anakosea yeye.

Njia ya tatu ndiyo ya mtu wa Tabora. Weka nanga juu ya jukwaa linaloelea Ziwa Victoria, ambalo ikweta inalikata upande wa Uganda. Wahandisi wengi hupenda nanga ya majini, kwa kuwa jukwaa linaweza kusogezwa kukwepa dhoruba au vyuma chakavu vinavyozunguka angani. Ukifanya hivyo, mzigo wote wa kutoka bandari ya Dar es Salaam utapita Tabora, pale reli inapogawanyika, mkono mmoja Kigoma na mwingine Mwanza, halafu upakiwe melini. Tabora inarudia kazi yake ya karne ya 19, kuwa njia panda ambayo kila kitu kinapita na watu wanajua bei ya kila kitu.

Chagua moja. Katika mifano inayofuata nimeshika ya pili: jukwaa limetia nanga ziwani, mbele ya Kibirizi, hapahapa Kigoma.

Hatua ya 3: Jiruhusu uongo mmoja

Uongo huo ni kamba yenyewe. Waya wa chuma bora kabisa ukiuning'iniza utakatika kwa uzito wake kabla haujafika kilomita 100. Tumaini kubwa la wahandisi ni mirija midogo sana ya kaboni, iliyojulikana sana tangu Mjapani Sumio Iijima alipoieleza mwaka 1991. Nguvu inayo, ila urefu bado: mwaka 2013 watafiti wa China waliripoti kukuza mirija ya nusu mita hivi, na hiyo ilikuwa habari kubwa. Kutoka nusu mita hadi kilomita 96,000, hapo ndipo unapodanganya. Sema kwa sentensi moja kwamba walipata namna ya kuisokota, kisha funga mdomo. Usieleze kiwanda. Msomaji humsamehe anayedanganya mara moja kwa utulivu. Anayetokwa jasho akieleza hasamehewi.

Baada ya hapo kila kitu kingine kiwe kweli.

Hatua ya 4: Tengeneza ratiba ya safari

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo usiku kucha, maana visa vyote vimo humu. Chora mstari wima kwenye daftari. Chini andika "ziwa", juu andika "35,786". Amua mwendo wa behewa. Mimi hutumia kilomita 200 kwa saa, mwendo wa treni nzuri. Gawanya: safari ya kufika stesheni ya juu ni saa 179, yaani siku saba na nusu. Tayari una hadithi. Wageni wanane ndani ya behewa moja kwa wiki nzima, na hakuna stesheni ya Uvinza ya kushuka kununua chumvi.

Sasa jaza mstari. Dakika 30: kilomita 100, mahali ambapo kwa kawaida huhesabiwa ndipo anga za juu zinapoanza. Mbingu ni nyeusi mchana kweupe. Ziwa Tanganyika lote, kilomita zaidi ya 670, limelala chini kama panga. Saa 2: kilomita 400. Hapa chukua ramani upime. Kutoka kimo hiki upeo wa macho unafika zaidi ya kilomita 2,000 kila upande, na Kigoma iko katikati ya bara kiasi kwamba abiria, hewa ikiwa safi, anaona Bahari ya Hindi dirisha la mashariki na Atlantiki dirisha la magharibi. Mtu aliyeishi maisha yake yote anasikia "pwani" kama nchi ya mbali anaziona pwani mbili kwa mpigo kabla hajamaliza chai. Usiipoteze nafasi hiyo kwa maneno mengi.

Angalizo kubwa: katika kilomita 400 abiria wako haelei. Wanaanga wa kituo cha kimataifa huelea kwenye kimo kama hicho kwa sababu wanaizunguka Dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Wanaanguka siku zote bila kugonga. Behewa halifanyi hivyo, limeshikilia kamba. Uzito wa abiria umepungua kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi. Hili ni kosa la pili kwa wingi katika hadithi za lifti, baada ya lile la mnara.

Uzito unapungua pole pole. Ikifika saa ya 13, kilomita 2,640 hivi, umebaki nusu. Na hapa nina kisa ninachokipenda, mchukue anayekitaka. Mfanyabiashara wa dagaa anapanda na gunia la kilo 100 na mizani ya springi, ile ya kuning'iniza. Saa ya 13 mizani inasoma 50. Mwenzake wa Tabora ana mizani ya mikono miwili na mawe yake. Hiyo inasoma 100 popote pale, kwa sababu mawe nayo yamepungua sawasawa na mzigo. Nani anamwibia nani, na bei ya dagaa njiani inapangwa kwa mizani ipi? Hadithi nzima inaweza kufanyika ndani ya behewa kati ya watu wawili na gunia, bila roketi wala silaha.

Juu zaidi: kuanzia kilomita 1,000 hivi kwenda juu kuna mikanda ya mionzi, inayoitwa mikanda ya Van Allen. Roketi huivuka kwa saa chache. Behewa la kilomita 200 kwa saa linaishi ndani yake kwa siku kadhaa. Kuta lazima ziwe nene, na wafanyakazi wa kudumu watadai posho. Andika mgomo wa posho ya mionzi, ni jambo la kweli kuliko majini wa sayari nyingine.

Jambo la kuangusha vitu nalo lipangwe. Abiria akitupa kopo dirishani chini ya kilomita 23,400 hivi, litarudi Duniani. Juu ya hapo halirudi, linaanza kuizunguka Dunia. Kwenye 35,786 linabaki ubavuni mwa behewa kama mbwa wa nyumbani. Likiachwa juu ya kilomita 46,700 hivi, linaondoka moja kwa moja na kuiaga Dunia. Kamba ileile, madirisha manne, matokeo manne. Mtu anayetaka kutupa barua, maiti au ushahidi ana sababu ya kusubiri siku fulani ya safari. Na ukipita stesheni ya juu ukaendelea, mvuto unageuka: dari ndiyo inakuwa sakafu.

Mwisho wa ratiba, weka jua. Kigoma jua huzama karibu saa moja usiku, kwa kuwa tuko magharibi ya nchi na saa yetu ni ya pwani. Lakini giza halizimi kamba yote kwa pamoja, linaipanda. Saa mbili usiku limefika kilomita 225 hivi. Saa tatu limefika kama 990, saa nne limepita 2,600. Kamba yenyewe ni utepe mwembamba usioonekana kwa macho. Behewa linaonekana, kama setilaiti zinavyoonekana. Behewa lililoondoka saa kumi jioni liko kilomita 800 saa mbili usiku, bado liko kwenye mchana. Giza linalikamata karibu saa tatu, nalo linazimika.

Hatua ya 5: Uliza nani atakosa kazi

Kabla ya reli, mizigo ya bara ilikwenda pwani kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Bega la mtu halikushindana na chuma. Kila njia mpya ina watu wake waliokuwa njia ya zamani. Lifti yako itawafanya nini marubani wa roketi, wauza mafuta ya roketi, mji ulioishi kwa kurusha? Mpe mmoja wao chumba cha kupanga Ujiji, karibu na miembe, akiangalia kila jioni kitu kilichomla.

Msomaji akikwambia kitu kikubwa hivyo hakiwezi kujengwa pembezoni kama huku, mkumbushe Liemba. Meli ya chuma iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikavuka bahari, ikapanda treni Dar es Salaam, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua. Ningeliandika hivyo bila kutaja kuwa ni kweli, mhariri angesema nimezidisha.

Kisha siasa. Desemba 1976 nchi nane za ikweta zilitia saini Azimio la Bogotá zikidai kwamba mzingo ule wa setilaiti, sehemu iliyo juu ya ardhi zao, ni mali yao. Kenya, Uganda, Kongo ya Brazzaville na Zaire, yaani Kongo ya Kinshasa ya leo, zilikuwamo. Tanzania haikuwamo, ikweta haitugusi. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unasema anga za juu hazimilikiwi na nchi yoyote, na dai lile halikukubaliwa na mataifa makubwa. Lakini kamba iliyofungwa Kigoma na kuinama kaskazini inaning'inia juu ya nani? Na ziwa lenyewe lina nchi nne. Afisa wa forodha mmoja mwenye muhuri na kiti kibovu anatosha kuibeba sura nzima.

Hatua ya 6: Vipe vitu majina ya watu

Hapa nitakuwa mfupi. Tumia behewa, stesheni, nanga, utepe, mzani. Wahandisi kwenye hadithi waseme lugha yao rasmi, lakini mji uwe na jina lake la utani. Kwangu mimi watu wa Kigoma wangeiita Mchikichi, kwa sababu mtu hupanda mikono mitupu na hutarajiwa kushuka na kitu.

Hatua ya 7: Andika aya moja kabla ya kuandika hadithi

Aya hiyo isiwe na namba hata moja ya ratiba, ila ratiba iwe ndani yake. Jaribio langu ni hili (kipe ni chombo cha wavuvi wa dagaa wa hapa):

*Vipe vilikuwa vimetandaa ziwani, taa zimewashwa, maji yametulia kama mafuta ya mawese kwenye sufuria baridi. Babu aliinua uso mara moja tu.*

*"Bado lina mchana wake," alisema.*

*Sadi naye akatazama. Milima ya Kongo ilikwisha kulimeza jua zamani, lakini behewa, huko juu, liling'aa kama taa ya kipe kilichopotea.*

*"Babu, baba anatuona?"*

*"Baba yako anatazama ukuta. Hayo madirisha ni ya wenye hela." Alishika kamba ya wavu, akaipima kwa vidole. "Subiri. Likizimika tunavuta."*

*Wakasubiri. Nyota ile ikawa nyekundu, ikafifia, ikakatika. Ziwani kote, kwenye vipe vyote, watu wakaanza kuvuta.*

Angalia kilichofanyika. Saa tatu usiku haikutajwa, ila ipo. Teknolojia imegeuka kuwa saa ya wavuvi, na hakuna aliyeishangaa. Ukitaka kuongeza, kumbuka kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa hiyo usiwapeleke ziwani usiku wa mwezi mpevu kwa sababu tu unaupenda mwezi.

Hatua ya 8: Kama lazima uikate

Kila mwandishi mpya anataka kuikata kamba. Najua, na mimi nilitaka. Basi ikate kwa hesabu. Ikikatika chini, karibu na nanga, haianguki: kipande chote cha juu kinapanda na kwenda zake. Ikikatika juu, kipande cha chini kinaanguka kikielekea mashariki, kwa sababu sehemu za juu zina kasi kubwa zaidi ya kwenda mashariki kuliko ardhi iliyo chini yake. Ikikatika kwenye kimo cha kilomita elfu nne au tano, mkia wake unaelekea Tabora, ambayo iko mstari mmoja na sisi. Ila usitarajie gogo la chuma linaloponda miji. Katika michoro mingi utepe ni mwembamba kuliko karatasi, na sehemu zinazotoka juu sana zitaungua hewani. Kinachofika misitu ya miombo ni nyuzi nyeusi zilizoning'inia matawini, na mrina asali asiyejua ni kitu gani, anayezikusanya kufungia mizinga. Huyo ndiye mtu wa kumfuata, siyo waziri anayekimbilia mikrofoni.

Hatua ya 9: Isome kwa sauti

Tafuta mtu asiyesoma hadithi za sayansi: mama lishe wa stesheni, fundi boti, shangazi yako. Soma sura ya kwanza bila kueleza chochote pembeni. Anapokukatiza, usijitetee, andika swali lake. Nilipomsomea shangazi yangu safari ya siku saba na nusu, alivumilia bahari mbili na mizani ya dagaa, akakuna kichwa, akauliza, "Sasa humo ndani, choo kiko wapi? Na baada ya ile siku ya uzito kwisha, kinafanyaje kazi?"

Sura ya pili ilianzia hapo.